Kuflashi kalkuleta: Mashine ndogo inayoweza kukufunza mfumo endeshi mzima

Ukipita karibu na vibanda vya mafundi wa simu Bondeni, Nakuru, kuna sentensi moja hutakosa kuisikia: "Fundi, hii simu imekwama kwa logo." Fundi ataigeuzageuza, ataichomeka kwa laptopu yake ya mitumba, atasubiri, na simu itaamka kama iliyotoka dukani. Ameiflashi. Kwa lugha ya darasani, amefuta mfumo endeshi uliokuwemo na kuweka mwingine.

Kwa hivyo kijana wa mtaa hahitaji kuelezwa kwamba simu ni kitu kimoja na mfumo endeshi wake ni kitu kingine. Lakini muulize kama kalkuleta nayo inaweza kuflashiwa, huenda akakucheka.

Ana sababu zake. Karatasi ya Hisabati ya KCSE humwambia mtahiniwa kwamba anaruhusiwa kutumia kalkuleta isiyotoa sauti na isiyoweza kuprogramiwa. Basi zile Casio tunazobeba kwa begi, pamoja na zile feki zinazofanana nazo, zimetoka kiwandani zikiwa zimekamilika. Huongezi kitu, hutoi kitu. Ukimaliza kidato cha nne unamwachia mdogo wako.

Marekani mambo ni mengine. Huko mwanafunzi wa sekondari anaingia hata kwenye mtihani wa SAT na kalkuleta ya grafu, ambayo maarufu zaidi ni TI-84 Plus ya kampuni ya Texas Instruments, iliyotoka 2004. Bei yake mpya ni zaidi ya dola 100, yaani zaidi ya Sh12,000, pesa ambazo hapa kwetu zinanunua simu nzuri tu. Na ndani ya hiyo kalkuleta mna tarakilishi kamili, ila ndogo.

Ndogo kweli. Chukua dada yake mkubwa, TI-83 Plus. Prosesa yake ni Z80, chipu iliyoanza kuuzwa 1976 na ambayo ndiyo iliyoendesha tarakilishi ya ZX Spectrum na gemu ya Pac-Man. Inakimbia kwa megahezi 6. Kumbukumbu ya kufanyia kazi ni kilobaiti 32, na ghala lake la kudumu, yaani flashi, ni kilobaiti 512. Picha moja tu ya kamera ya simu yako haiwezi kuenea humo.

Hapo ndipo utamu ulipo. Mfumo endeshi wa simu yako una mamilioni ya mistari ya msimbo na hakuna mtu mmoja duniani anayeuelewa wote. Wa kalkuleta unaweza kukaa wote kichwani mwa mtu mmoja. Mwanafunzi wa somo la Kompyuta kidato cha pili anakariri kazi za mfumo endeshi ili apate maksi: kusimamia kumbukumbu, kusimamia vifaa, kupanga kazi, kushughulikia makosa. Anaziandika, anapata tano kwa tano, halafu anazisahau. Kwenye kalkuleta, kila moja ya hizo inakuwa tatizo lako wewe binafsi, saa sita usiku.

Anza na skrini. Ina nukta 96 kwa upana na 64 kwa urefu, jumla 6,144. Kila nukta ni nyeusi au si nyeusi, kwa hivyo inahitaji biti moja. Gawanya kwa nane, upate baiti 768. Hiyo ndiyo picha nzima, na ukishajua hivyo unaweza kuitengeneza kwenye kumbukumbu kisha kuituma kwa skrini. Lakini hakuna amri ya "andika A". Hakuna anayejua A ni nini. Unachukua karatasi ya grafu, unachora A kwa kujaza miraba, unaigeuza kuwa namba, halafu B, halafu C. Ukimaliza unagundua kwamba skrini yenyewe ni mvivu: ukiitumia baiti haraka kuliko inavyoweza kupokea, picha inaharibika. Basi mfumo wako lazima ujifunze kungoja kidogo baada ya kila baiti.

Vitufe navyo. Ukibonyeza 7, hakuna ujumbe unaoenda popote kusema "7 imebonyezwa". Mfumo ndio unaozunguka, kundi moja la vitufe baada ya jingine, ukiuliza: kuna aliyebonyezwa hapa? Na kwa sababu chuma kikigusana na chuma hurukaruka kidogo, mbonyezo mmoja unaweza kusomwa mara tatu, ukapata 777. Nani anaamua kwamba hiyo ilikuwa mara moja? Wewe.

Kumbukumbu ndiyo inayowatoa watu jasho. Z80 inaweza kuona anwani 65,536 pekee kwa wakati mmoja, ilhali flashi peke yake ina baiti 524,288. Suluhisho ni kuikata flashi kurasa 32 za kilobaiti 16 kila moja na kufungua ukurasa mmoja kwa wakati kupitia dirisha. Fikiria mama mboga mwenye magunia mengi nyumbani na meza moja tu sokoni: vitunguu vikiwa mezani, viazi viko nyumbani, na lazima akumbuke kipi kiko wapi. Sasa hatari ni hii. Msimbo unaobadilisha ukurasa ukikaa ndani ya ukurasa unaobadilishwa, umekata tawi ulilokalia. Prosesa itaendelea kusoma amri kutoka mahali palepale, ila pale sasa pana kitu kingine kabisa, na mashine itafanya vituko.

Flashi ina ukaidi wake pia. Kugeuza biti kutoka 1 kuwa 0 ni rahisi, lakini kuirudisha 1 lazima ufute kipande kizima cha kilobaiti 64, na idadi ya mara ambazo kipande kinaweza kufutwa kabla ya kuchoka ina kikomo. Kwa hivyo ukitaka kurekebisha herufi moja kwenye faili, hurekebishi. Unaandika nakala mpya pembeni, unatia alama kwamba ya zamani imekufa, na siku nafasi ikiisha unafanya usafi. Na katika haya yote hakuna askari. Z80 haina njia ya kuzuia programu moja kukanyaga kumbukumbu ya nyingine. Programu mbovu ikiamua kufuta kila kitu, itafuta.

Watu wameyaweza haya. Mmarekani Drew DeVault na wenzake waliandika KnightOS, mfumo endeshi huru wa kalkuleta za Texas Instruments zenye Z80. Kiini chake kimeandikwa kwa Asembli. Una folda ndani ya folda kama Linux, na unaweza kuacha programu moja wazi ukahamia nyingine, kwenye mashine yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32. Msimbo wote uko wazi kwa yeyote kuusoma.

Sasa tuje kwenye kufuli.

Texas Instruments hawakutaka mtu mwingine aweke mfumo wake kwenye mashine zao. Kila mfumo rasmi ulitiwa sahihi ya kidijitali, na ndani ya kalkuleta kuna msimbo mdogo wa kuanzia unaokagua sahihi hiyo kabla ya kupokea mfumo mpya. Sahihi haipo, mfumo haupokewi. Ili kutia sahihi unahitaji namba mbili tasa za siri. Kalkuleta yenyewe inajua tu zao la namba hizo, namba ya tarakimu zaidi ya 150.

Hisabati yake unaijua tangu shule ya msingi. Nikikupa 91, utahangaika kidogo kisha useme 7 mara 13. Nikikupa namba ya tarakimu 155, hutamaliza maisha yako yote. Mnamo 1999, kundi la wanasayansi lilipasua namba ya ukubwa huo kwa mara ya kwanza, wakitumia mamia ya tarakilishi na supakompyuta moja. Miaka kumi baadaye, Julai 2009, Benjamin Moody alitangaza kwamba ameipasua ile ya TI-83 Plus. Alitumia programu za bure na tarakilishi ya nyumbani yenye prosesa ya megahezi 1,900. Iliwaka siku 73.

Wengine wakaungana, kila mmoja akachangia nguvu ya tarakilishi yake, na funguo za modeli nyingine zikapatikana. Kampuni ikajibu kwa barua za mawakili ikitaka namba hizo ziondolewe mtandaoni, ikitaja sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1998. Shirika la EFF, linalotetea haki za watu kwenye teknolojia, likasimama na watatu kati ya walioandikiwa, na Oktoba 2009 likaionya kampuni iachane nao. Namba zile bado ziko mtandaoni hadi leo. Ila modeli mpya zimekuja na funguo ndefu zaidi, na mchezo huo hauwezekani tena kwa tarakilishi ya nyumbani.

Kampuni hufunga mashine hizi hasa kwa sababu ya mtihani. Mnamo 2020 Texas Instruments iliondoa uwezo wa kuendesha programu za C na Asembli kwenye TI-84 Plus CE, hofu ikiwa watu wanatumia njia hiyo kukwepa hali ya mtihani. NumWorks ya Ufaransa, iliyoingia sokoni 2017 ikijivunia kuweka msimbo wake wazi, nayo ilifunga mfumo wake 2021, na Omega, mfumo mbadala uliojengwa na mashabiki juu ya msimbo huo, ukasitishwa.

Kenya tunajua wizi wa mtihani ni nini, kwa hivyo siwezi kusema hofu hiyo ni ya bure. Lakini mtihani huchukua saa mbili na nusu. Kufuli inakaa miaka yote ya kalkuleta. Wafaransa wenyewe wana njia ya katikati: ukiwasha hali ya mtihani, data inafichwa au kufutwa na kataa kanawaka ili msimamizi aone. Baada ya mtihani, mashine inarudi kuwa yako. Ningependa kampuni zitumie akili zao kuimarisha kataa hako badala ya kunyima watoto mashine yao wenyewe. Hata simu ya mkopo inayojifunga usipolipa, ambayo Bondeni si kitu kigeni, hufunguka ukishamaliza deni. Kalkuleta hii ililipiwa yote siku ya kwanza.

Na usidhani ujuzi huu ni wa kuchezea tu. Mita ya tokeni ya stima ukutani, kisanduku cha sola, trakia ya bodaboda: vyote vina chipu ndogo yenye kumbukumbu finyu, na mtu fulani mahali fulani aliandika msimbo wake akihesabu baiti kama unavyohesabu sarafu za mwisho wa mwezi. Mara nyingi mtu huyo hayuko Kenya.

Kalkuleta yenyewe huihitaji ili uanze. Unahitaji laptopu yoyote inayowaka na emuleta, yaani programu inayojifanya kalkuleta. Waliotengeneza KnightOS waliandika yao, z80e. TilEm ni nyingine, na Moody yuleyule wa siku 73 ni mmoja wa waliyoiunda, ingawa hiyo hudai nakala ya mfumo kutoka kwa kalkuleta uliyo nayo. Kwa kuandika msimbo, kikusanyaji cha SDCC ni cha bure na kinaelewa C ya Z80. Bando utakayotumia kupakua vyote hivi ni ndogo kuliko ya filamu moja, na ukishapakua unaweza kuzima data. Kwenye emuleta ukiharibu, unaanza upya kwa sekunde moja bila kumpelekea fundi yeyote.

Usianze na grafu ya y = x². Anza na nukta moja, juu kushoto. Weka biti moja kwenye baiti ya kwanza kati ya zile 768, tuma picha kwa skrini, uone. Ikitokea nukta nane badala ya moja, umejaza baiti nzima. Ikitokea nukta saba kutoka ukingoni, umehesabu biti kutoka upande wa kulia. Ikitokea takataka skrini yote, rudi ukaangalie kama uliipa ile skrini mvivu muda wa kupumua.