Kifurushi cha Mwanza: Ununue au Ulipe Geti kwa Geti?

Sikukuu ikikaribia, makundi ya WhatsApp ya Tinde, Shinyanga na Kahama hujaa tangazo lile lile: lipa mara moja, uzunguke Mwanza kutwa, kila kitu kimo. Kabla hujatuma kianzio, uliza jambo moja: humo ndani kuna mageti mangapi ya kulipia?

Miji kama London na Paris ina pasi za watalii. Pasi ya makumbusho ya Paris huuzwa ya siku 2, 4 au 6, na humfaa anayekimbia makumbusho matatu kwa siku, maana viingilio vya kule ni vikali. Mwanza pasi hiyo haipo. Kinachouzwa ni kifurushi cha wakala, na hesabu yake ni nyingine.

Jiwe la Bismarck unaliona ukiwa ufukweni, bure. Anayetoka Geita anapita juu ya Daraja la Kigongo–Busisi na kulitazama daraja hilo kwa nauli ile ile. Mageti hasa ni mawili: Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, na Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa.

Saanane ni mwendo mfupi wa boti kutoka Capri Point. Ni kisiwa kidogo, nusu siku inatosha. Bujora iko barabara ya Musoma, na hapo ndipo wakala ana nguvu: basi la Shinyanga linakushusha Nyegezi, unapanda daladala hadi Kisesa, kisha bodaboda. Kwa kijana ni sawa. Kwa mama mwenye watoto watatu na kapu la chakula, gari la wakala lina thamani yake.

Sasa chukua karatasi. Andika nauli ya kwenda na kurudi, viingilio viwili, boti, daladala na chakula. Jumla yake ilinganishe na bei ya wakala. Tuseme yeye anataka 90,000 na wewe umepata 78,000: hiyo 12,000 ni bei ya kutosumbuka, amua kama unayo. Tofauti ikifika 30,000, jilipie mwenyewe.

Yanayofichwa ni haya. Kiingilio kikitajwa bila VAT, ongeza hadi asilimia 18. 10,000 inaweza kufika 11,800. Boti: imo, au utalipa ukifika? Chakula: sahani moja, na soda juu yako? Mtoto wa chini ya miaka 5 halipi geti la hifadhi, lakini wakala anaweza kumhesabia kiti. Gari likichelewa kuondoka Mwanza, gesti ni ya nani? Na ukiugua, kianzio kinarudi?

Beba kitambulisho cha NIDA, usije ukatozwa bei ya mgeni. Malipo ya hifadhi hupita kwa namba ya malipo, si noti mkononi, basi acha salio la kutosha na makato kwenye simu.

Anayejilipia naye ana kero yake. Mabasi ya kutoka mbali mara nyingi hufika njia panda ya Tinde yamejaa, na mpiga debe atakukatia tiketi usimame hadi Mwanza. Afadhali udamke, upande gari la Shinyanga, ukate tiketi yenye kiti pale stendi.

Uamuzi wangu: mkiwa wawili, lipeni geti kwa geti. Familia yenye watoto wadogo na fedha kidogo, chagueni Saanane peke yake. Bujora ingoje safari nyingine. Kikoba au kwaya ya watu 20 na zaidi, kodisheni basi dogo la Costa wenyewe, mgawane mafuta na dereva.

Kifurushi kinunue tu kama wakala ana leseni ya biashara ya utalii (TALA), ameorodhesha kwa maandishi kilichomo, na anatoa risiti ya EFD. Akikwepa hata moja kati ya hayo matatu, fedha yako ibaki mfukoni.