Kahlo: Msanii aliyekana kuchora ndoto
FRIDA Kahlo wa Mexico alinuia kuwa daktari. Lakini mnamo Septemba 1925, akiwa na miaka 18, basi aliloabiri liligongwa na tramu, akavunjika uti wa mgongo na nyonga. Mamake aliagiza atengenezewe kibao cha kuchorea kitandani, kioo kikatundikwa juu, naye akaanza kuichora sura yake mwenyewe.

Mnamo 1938 mshairi Mfaransa André Breton, kinara wa usurealisti, yaani sanaa ya ndoto na mambo yaliyofichika akilini, alizuru Mexico na kumhesabu miongoni mwa wafuasi wake. Kahlo, aliyefariki 1954, alikana, akishikilia kuwa alichora maisha yake tu. Hoja hiyo ina uzito: katika ‘Safu Iliyovunjika’ ya 1944 amejichora akiwa amechomwa misumari mwili mzima, na wakati huo alikuwa akivalishwa mkanda wa chuma kuushikilia mgongo.