Tiketi ya Bustani, Posho ya Mwanafunzi

Mwaka 1927 wanawake wa Klabu ya Bustani ya Virginia, nchini Marekani, walifanya maonyesho ya maua wakapata dola 7,000. Fedha yote waliipeleka Monticello, nyumbani kwa Thomas Jefferson, kuinusuru miti aliyoipanda rais huyo wa tatu wa taifa lao. Mwaka 1929 wakaenda mbali zaidi. Waliwaomba wenye nyumba nzuri wafungue malango wakati wa machipuko, wageni walipe kiingilio, na mapato yatengeneze bustani za kale zilizochakaa. Ya kwanza kufufuliwa ilikuwa ya Kenmore, mjini Fredericksburg, alikoishi dada yake George Washington. Ufunguzi huo wa malango, uitwao Wiki ya Bustani, hufanyika hadi leo, kila Aprili.

Kwangu mimi, tunda lake bora ni wanafunzi. Klabu hiyo huwalipa vijana wanaosomea usanifu wa mandhari washinde kiangazi kizima katika bustani kongwe, futi kamba mkononi, wakipima vijia na kuta, wakitambua miti, wakipekua barua na picha za zamani, kisha wakichora kila kitu kwa vipimo. Bustani haikai kama jengo. Mwenye nyumba akifa, misimu michache tu inatosha magugu kufuta alichokijenga kwa miaka arobaini. Mchoro wa mwanafunzi ndio unaobaki, na sijui ni kampuni gani ya mbegu au ya mbolea ingekubali kuulipia.

Desturi ya klabu za bustani nchini humo ilianzia kwenye sebule ya nyumba moja huko Athens, Georgia, mwaka 1891, walipokutana wanawake 12 wapenda mimea. Kumbukumbu yao ni bustani iliyotengenezwa ndani ya Chuo Kikuu cha Georgia kati ya 1939 na 1946, chini ya Hubert Bond Owens, mwalimu aliyeanzisha masomo ya usanifu wa mandhari chuoni hapo. Wanafunzi wa fani hiyo wamejifunzia humo, miongoni mwa mimea yenyewe.

Hata hivyo, malango hayo hayakuwa wazi kwa wote. Wamarekani weusi wa Virginia, katika enzi ya ubaguzi, waliunda shirikisho lao la klabu za bustani mwaka 1932, kwenye taasisi ya Hampton. Historia hii isipotajwa, sifa za klabu hizi zinakuwa nusu ya ukweli.

Ruzuku za miradi ya jamii nazo zina utaratibu wa kupendeza. Klabu ya Bustani ya Marekani, iliyoundwa Philadelphia mwaka 1913, ilianzisha mfuko maalumu mwaka 1934 kumkumbuka rais wake wa kwanza, Elizabeth Price Martin. Klabu wanachama hupendekeza miradi ya mijini kwao, kisha zote hupiga kura kuchagua ipi ipewe fedha. Naupenda utaratibu huo kwa kuwa anayepiga kura ni mtu mwenye udongo kwenye kucha, anayejua mche usipomwagiliwa hufa.

Klabu hiyohiyo hutoa pia tuzo kwa wanafunzi wa uzamivu wanaochunguza mimea ya nchi za joto, ili wagharimie utafiti msituni. Hapo ndipo habari hii inapofika kwetu Tanzania. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, alikusanya kwenye milima ya Usambara mmea mdogo wenye maua ya zambarau. Mwaka uliofuata ukapewa jina la Saintpaulia. Leo aina zilizozalishwa kutokana nao hupamba madirisha ya Marekani na Ulaya, na zina vyama vyake na mashindano yake. Ndugu zao wa porini wameng'ang'ania miamba yenye kivuli, katika misitu inayozidi kumegwa kwa mashamba na mbao.

Kuihesabu mimea hiyo, kukusanya mbegu zake na kuiotesha kitaluni ni kazi ya miezi mingi. Inadai nauli, posho na malipo ya wenyeji wanaozijua njia za milimani. Nashauri vyama vinavyofaidi uzuri wa mmea huu vitenge fungu la kudumu kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na vitalu vya vijiji vinavyopakana na misitu ya Amani, huko Usambara.