Jicho la Mgonjwa wa Kisukari na Afya ya Moyo

Ugonjwa wa kisukari hudhaniwa na wengi kuwa ni ugonjwa wa sukari tu. Kwa hakika, mtu auguapo kisukari kwa miaka mingi, madhara yake makubwa huwa katika mishipa ya damu. Mishipa hiyo imeenea mwili mzima, lakini mahali ambapo daktari aweza kuitazama kwa urahisi, bila kupasua chochote, ni sehemu ya nyuma ya jicho. Ndiyo maana uchunguzi wa macho ya mgonjwa wa kisukari hutoa habari za jicho na, kwa kiasi fulani, habari za moyo.

Jinsi nyuma ya jicho inavyoonekana

Nuru iingiayo jichoni huakisiwa na kurudi kwenye chanzo chake. Ili aione, mtazamaji hana budi kuliweka jicho lake mahali palipo taa. Lakini akifanya hivyo, kichwa chake huikinga taa hiyo. Kwa sababu hii mboni huonekana nyeusi. Mwaka 1851 Hermann von Helmholtz, mwanasayansi wa Ujerumani, alitangaza chombo cha kuondoa tatizo hilo. Alitumia vipande vya kioo bapa vilivyoinamishwa: viliakisi nuru ya taa hadi ndani ya jicho, na papo hapo viliiruhusu sehemu ya nuru irudiyo kupenya hadi kwa mtazamaji. Retina na mishipa yake ya damu ikaonekana waziwazi.

Yatokeayo katika mishipa

Kuta za kapilari za retina ni utando mwembamba wa seli, uliokumbatiwa kwa nje na seli nyingine ziuimarishazo. Sukari ikizidi katika damu kwa muda mrefu, seli hizi huharibika na kufa. Kuta hulegea na kufanya vivimbe vidogo, kisha huvujisha maji, mafuta na damu. Kapilari nyingine huziba. Retina inapokosa oksijeni, huchochea mishipa mipya kuota. Lakini mishipa hiyo ni dhaifu, hupasuka upesi, na makovu yake yaweza kuibandua retina. Hatari kubwa ni kwamba hatua za mwanzo hazina maumivu, na mgonjwa huendelea kuona vizuri.

Ateri zinazoulisha moyo ni kubwa zaidi, na uharibifu wake ni wa namna nyingine. Utando wa ndani uliojeruhiwa na sukari, shinikizo kubwa la damu au moshi wa tumbaku huruhusu kolesteroli kujikusanya ukutani. Njia ya damu hupungua. Donge la damu likiiziba kabisa, sehemu ya msuli wa moyo hufa. Basi yafaa ifahamike kwamba ugonjwa wa jicho hausababishi ugonjwa wa moyo. Yote mawili ni matawi ya shina moja. Tawi moja likionekana, ni busara kulichunguza la pili.

Ushahidi wa wachunguzi

Uchunguzi uliofanyika Marekani na kutangazwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba wagonjwa wa kisukari wenye madhara katika retina walipatwa na maradhi ya ateri za moyo takriban mara 2 kuliko wagonjwa wenzao wasio na madhara hayo, hata baada ya kuzingatia shinikizo la damu na mambo mengine.

Je, kinga ya kimoja ni kinga ya kingine? Kati ya 1983 na 1993, wagonjwa 1,441 wa kisukari kinachohitaji insulini tangu mwanzo walifuatiliwa Marekani na Kanada. Miongoni mwa wale walioanza wakiwa na retina salama, udhibiti makini wa sukari ulipunguza hatari ya ugonjwa wa retina kwa asilimia 76. Mwaka 2005 ikabainika kwamba kundi lililopata udhibiti huo lilikuwa pia na matukio ya maradhi ya moyo na mishipa pungufu kwa asilimia 42. Huko Uingereza, matokeo ya mwaka 1998 yalionyesha kwamba kulidhibiti barabara shinikizo la damu kulipunguza kuzidi kwa ugonjwa wa retina kwa asilimia 34, na kiharusi kwa asilimia 44.

Hata hivyo, jicho na moyo havilingani katika kila jambo. Mwaka 2008, jaribio moja la Amerika Kaskazini la kuishusha sukari mno kwa watu wazima waliokwisha kuwa katika hatari ya maradhi ya moyo lilisitishwa, kwa kuwa vifo viliongezeka; lakini mwaka 2010 ilionekana kwamba retina zao zilikuwa zimenufaika. Kwa hiyo kiwango cha sukari kimfaacho kila mgonjwa hupangwa na daktari wake.

Umuhimu wake nchini

Mwaka 1989 ulitangazwa uchunguzi wa vijiji 6 vya Tanzania uliokuta kisukari kwa chini ya mtu 1 katika kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta sukari iliyozidi kwa takriban watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Umri na njia za upimaji zilitofautiana, hivyo tarakimu hizi hazilinganishwi moja kwa moja. Lakini zatosha kuonyesha kwamba kisukari si ugonjwa wa nchi za mbali tu.

Mgonjwa wa kisukari apaswa kuchunguzwa retina kila mwaka, au kwa muda atakaoagizwa, hata kama aona vizuri. Retina iliyokwisha kuharibika mara nyingi hairudi kuwa kama zamani. Lakini ikigunduliwa mapema, matibabu ya mionzi ya leza au sindano huweza kuokoa uwezo wa kuona. Naye aambiwaye kwamba retina yake ina kasoro asiridhike na miwani: apimwe pia shinikizo la damu, kolesteroli na figo, na kama avuta sigara, aache. Aliye na mzazi au babu mwenye kisukari nyumbani aweza kuanza kwa swali moja tu: macho yake yalichunguzwa lini?