Vinara wa Kurithishana Kiti: Ugweno, Usambara na Poland

Myamba, kata ya wilaya ya Same katika milima ya Upare Kusini, iko kati ya dola mbili za zamani: Ugweno upande wa kaskazini, na Usambara ng'ambo ya bonde la Mkomazi. Ukizitazama pamoja na Poland ya karne ya 12, unaona kwamba siku ya hatari zaidi kwa ukoo wa kitawala ni ile ya kumzika mkuu wake. Wafuatao ni vinara wa historia hiyo.

Mapinduzi ya kale zaidi: Wasuya wa Ugweno
Ugweno ulitawaliwa kwanza na Washana, ukoo wa wahunzi. Kwa mujibu wa Isaria Kimambo, mwanahistoria mzaliwa wa Upare, yapata karne ya 16 ukoo wa Wasuya, ukiongozwa na Angovi, uliwapindua. Washana walipoteza kiti lakini hawakupoteza nyundo: waliendelea kufua chuma, na jamii iliendelea kuwahitaji.

Mjenzi hodari zaidi: Mranga
Mwanawe Angovi, Mranga, ndiye anayekumbukwa kwa kuupa utawala huo mifupa. Aliupanga kwa mabaraza, na jando likawa jambo la dola. Mtu akitawala kwa upanga pekee, nguvu yake hufa naye. Mranga aliacha taratibu ambazo warithi wake waliweza kuzifuata.

Aliyekaa muda mrefu zaidi: Kimweri ye Nyumbai
Simba Mwene huyu, yaani mfalme wa ukoo wa Wakilindi, alitawala Usambara kutoka makao yake ya Vuga, tangu yapata 1815 hadi 1862. Aliwaweka wanawe kuwa wakuu wa maeneo mbalimbali, na alipokuwa hai mpango huo uliifunga nchi pamoja.

Urithi uliovunjika haraka zaidi Usambara: Shekulwavu
Urefu wa enzi ile ndio ulioleta balaa. Mzee alipofariki, kiti kilimwangukia mjukuu, Shekulwavu, naye akajikuta akiwaamuru baba zake wadogo, kila mmoja na eneo lake na watu wake. Semboja, aliyekuwa Mazinde kwenye njia ya misafara, alikuwa na bunduki na biashara. Kufikia mwisho wa miaka ya 1860 alikuwa amemng'oa Shekulwavu na kumweka mwanawe mwenyewe Vuga. Wabondei nao waliwaasi Wakilindi, na umoja wa Kimweri haukurudi tena.

Mgawanyiko mrefu zaidi: Poland
Mwaka 1138 Bolesław III, mtawala wa ukoo wa Piast, aliwagawia wanawe nchi na kumpa mkubwa wao, Władysław II, Kraków na ukuu juu ya wenzake. Kufikia 1146 wadogo zake walikuwa wamemfukuza. Umoja wa ufalme ulisubiri hadi 1320, Władysław Łokietek alipotawazwa: miaka 182. Ni kisa kile kile cha Vuga. Baba aligawa mamlaka akitumaini kwamba udugu ungeyashika pamoja.

Walioizuia tamaa ya ukuu kwa njia rahisi zaidi: Upare Kusini
Huku kwetu hapakuwa na nyumba moja iliyotawala milima yote. Kila eneo lilikuwa na mfumwa wake, yaani mkuu wake. Waingereza walipotawala, waliwatambua wakuu kadhaa, wakiwemo wa Gonja, Mamba na Mbaga. Baraza lao lilipoleta kodi ya mbiru katika miaka ya 1940, maelfu ya watu walikusanyika Same kuipinga, wanawake wakiwemo, hadi ikafutwa.

Uchifu wenyewe ulifutwa mwaka 1963. Katika vinara wote hawa, mimi namweka Mranga juu. Wengine waliukabidhi utawala kwa damu ya ukoo peke yake, naye aliukabidhi pia kwa mabaraza. Nchi inayotegemea wana wa mkuu husimama au kuanguka pamoja nao. Nchi yenye utaratibu huwa na pa kuanzia mkuu anapofariki.