Treni ya Kwenda Zambia: Thibitisha Ratiba Kabla ya Kulipa

Wananchi wa Tukuyu na maeneo mengine ya Wilaya ya Rungwe wanaopanga kutembelea miji ya Zambia wakati wa likizo wanashauriwa kuulizia ratiba katika Stesheni ya TAZARA jijini Mbeya kabla ya kukata tiketi au kulipia malazi.

Reli hiyo, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam, huishia Kapiri Mposhi. Hivyo, tiketi yake haimfikishi msafiri Lusaka wala Livingstone. Huko huhitajika nauli nyingine. Ni busara kuacha siku moja katikati, kwani treni ikichelewa, tiketi ya pili inaweza kupotea.

Aidha, msafiri awe na hati halali ya kusafiria, na akumbuke kuwa Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja.