Mashini ya kusaga inaisha kila mwezi, tuihesabu

Koperative moja nilikuwa nasaidia ilikuwa na mashini ya kusaga mihogo. Miaka tano tuligawana makuta yote, tukisema ni faida. Siku mashini ilikufa, mu kese hamukuwa hata ya kununua mukanda.

Uchakavu hatukuuhesabu, njo kosa. Mu Excel ya Kifaransa fomula inaitwa AMORLIN. Inaomba vitu tatu: bei ya kununua (na transporti ndani, watu wengi wanaisahau), bei utauzisha vyuma mwishoni, na muda. Yetu: dola 2.400, vyuma 400, miaka 5. Unaandika =AMORLIN(2400;400;5), inatoa 400 kwa mwaka. Weka 60 pahali pa 5, unapata 33,33 kwa mwezi. Hizo ziwekwe kando mbele ya kugawana. Mara 60 ni 2.000, ongeza vyuma, bei ya mashini imerudi.

Excel ya Kiingereza inasema SLN. Kuna pia DDB, inakata mingi mwanzoni: =DDB(2400;400;5;1) inatoa 960. Mimi nabaki na AMORLIN, juu wamama wa komite wanaweza kuihakikisha na kalamu.